Kutoka mbiu ya mgambo hadi WhatsApp ya kijiji

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Kazi ilinipeleka kaskazini, nikakaa siku kadhaa kati ya Bagamoyo mjini na vijiji vya mbele yake, na nimerudi na jambo ambalo gazetini halikupata nafasi. Naliweka hapa.

Bibi yangu mdogo, yaani mdogo wake bibi mzaa mama, ana shamba la minazi huko. Niseme ana nusu shamba. Mwaka jana ulizunguka ujumbe kwenye simu ukisema eneo lote limetwaliwa na serikali, na asiyeuza kabla ya mwisho wa mwezi hatapata fidia hata senti tano. Ujumbe ulikuwa na nembo ya taifa na mhuri (wa kubandika, lakini yeye angejuaje?). Bibi hana simu ya kupangusa, akasomewa na mjukuu. Siku ya tatu akaja mnunuzi, mtu mpole, fedha mkononi. Kanusho la ofisi husika lilitoka siku ya tisa: picha ya barua iliyopigwa kwa simu, imepinda, nusu haisomeki. Halmashauri yenyewe sitaitaja.

Siku tisa! Mbiu ya mgambo ingefika siku hiyo hiyo.

Simaanishi utani. Pwani yetu tangazo lilikuwa na sauti na lilikuwa na uso. Pembe ya nyati inagongwa, watu wanatoka, mpiga mbiu anasema lililomleta, na asiyeelewa anamuuliza palepale. Tunaimba methali yake shuleni kuwa ikilia kuna jambo, tunasahau kwamba baada ya kulia ilifuata baraza.

Na Bagamoyo inajua vizuri gharama ya kutawala bila kuzungumza na watu. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa mwambao huu. Mkataba ulikuwa wa wakubwa na wakubwa. Agosti mwaka huohuo wenyeji wakaona mabadiliko kwa macho: mgogoro wa bendera, watoza ushuru wapya, amri mpya. Nani aliwaeleza? Ndani ya wiki chache pwani nzima ilikuwa inawaka, Pangani kwa Abushiri, Saadani kwa Bwana Heri, na Septemba Bagamoyo ikapigwa mizinga na manowari za Kijerumani. Sisemi vita ile ilitokana na ukosefu wa matangazo, hapana, watu walikuwa wananyang'anywa nchi yao. Lakini hata Wajerumani walijifunza kitu. Wakawaweka maliwali, maakida na majumbe, na mabwana shauri wao wakawa wanakaa bomani kusikiliza mashauri, mpaka neno "shauri" likaingia kwenye taarifa zao za Kijerumani. Baadaye wakapata na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililochapwa Tanga. Waingereza nao wakaja na Mambo Leo mwaka 1923. Yote yalikuwa ya kutuamrisha, ndiyo, ila jumbe ulimjua nyumba yake.

Sasa rukeni nami hadi uhuru. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, madaraka yakapelekwa mikoani. Mawazo yalikuwa mazuri kwenye karatasi. Kwa vitendo huduma za mijini zilidorora, na mamlaka za miji zikarudishwa 1978. Sheria za mwaka 1982 zikarejesha na halmashauri za wilaya, zikaanza kazi 1984. Sheria hiyo Namba 7 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kukaa pale na kuuliza. Ila jicho la halmashauri lilibaki linatazama juu. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Sehemu kubwa ya fedha inatoka Hazina. Ukilijua hilo, fungueni ukurasa wowote wa halmashauri mtaelewa mnachokiona: mgeni rasmi anakata utepe, mgeni rasmi anapanda mti, mgeni rasmi anakagua darasa. Chini yake mwananchi kauliza maji yatatoka lini. Kimya. Mwingine kauliza tena. Kimya. Ukurasa ule haukuandikiwa yeye, umeandikiwa bosi aone kuwa watu wanafanya kazi.

Nilikaa na ofisa mmoja wa habari, kijana wa rika letu, tukanywa chai. Anatumia simu yake na bando lake. Nywila ya akaunti aliikuta kwa mtangulizi aliyehamishwa, baada ya kumtafuta miezi. "Kaka, ule uvumi niliuona siku ya kwanza," akaniambia. "Ningejibu saa ileile. Lakini msemaji ni mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa safarini." Nimlaumu? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, kanuni za utumishi zinamfunga mdomo, na majibu mengine hana kabisa. Chukueni bandari ya Bagamoyo. Makubaliano na Wachina yalisainiwa 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa masharti yake hadharani, 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yanafufuliwa. Mkazi wa Mlingotini anayetaka kujua hatima ya ardhi yake anaiuliza halmashauri, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Halmashauri nayo inasubiri kusikia redioni kama yeye!

Mwaka 2017 serikali ilizindua tovuti za mikoa na halmashauri zote nchini kwa mpigo. Hatua nzuri, na nyingine zinahudumiwa vizuri. Lakini mtandao wenyewe si wa kuutegemea peke yake. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi huko X ilidukuliwa ikarusha uongo mzito, kisha X ikazuiwa nchini. Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Kijiji kilichokuwa kimehamishia matangazo yake yote WhatsApp kilibaki na nini? Ubao wa matangazo wa ofisi niliyoitembelea una karatasi zilizokwisha kupauka kwa jua, hata tarehe sikuweza kuzisoma.

Kuhusu shamba, hakuna wa kumshitaki. Bibi aliuza kwa hiari, aliweka dole gumba, mashahidi walikuwepo. Aliyetunga ule ujumbe hajulikani, na mnunuzi anasema hata yeye aliupokea tu. Nilimweleza bibi kuwa ofisi ilikanusha baadaye. Akauliza: walikanushia wapi? Nikamwonyesha kwenye simu yangu. Akaitazama ile picha iliyopinda, akanirudishia.

Nilipoaga alinipa madafu mawili, halafu akaniomba nimwandikie namba ya mtendaji kwenye karatasi, kwa maandishi makubwa.