Karafuu, Jamvi na Makonyo

Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar.

Msimu ukifika, mji wa Chake Chake huko Pemba hunukia wote. Wachumaji hupanda mikarafuu, huvuta matawi na kukata vishada matumba yakiwa bado hayajafunuka. Yakishachanua, thamani imepotea. Usiku familia hukaa pamoja kuchambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule, na habari za mtaa hupatikana hapo kuliko popote. Asubuhi karafuu huanikwa kwenye majamvi. Wingu likitanda tu, mbio!

Makonyo nayo hayatupwi: kiwanda kilichopo Wawi, Pemba, huyatoa mafuta kwa mvuke.