Hisabati yaonyesha kazi zipi zaweza kutendeka pamoja

GRAFU ni mchoro wa nukta zilizounganishwa kwa mistari. Mchoro huo waweza kuwakilisha mambo mengi, kama vile kompyuta na nyaya zake au abiria na viti vya basi. Hali inapobadilika, mchoro hubadilishwa kwa kufuata kanuni: baadhi ya sehemu hufutwa, nyingine huongezwa na zilizosalia huhifadhiwa.

Utata huzuka mabadiliko mawili yanapotokea kwa wakati mmoja. Chukua mfano wa makarani wawili wanaouza tiketi za basi moja katika miji tofauti. Kanuni ya kuuza hufuta alama ya “wazi” kwenye kiti, kisha huchora mstari kutoka kwa abiria hadi kwenye kiti hicho. Makarani wakichagua viti tofauti, kazi zao hukutana katika basi tu, ambalo hakuna anayelifuta. Wakichagua kiti kimoja, wote wanataka kufuta alama ile ile. Mmoja akitangulia, mwenzake hana tena cha kuuza.

Mwaka wa 1973, Hartmut Ehrig, Michael Pfender na Hans Jürgen Schneider waliwasilisha njia ya kueleza mabadiliko ya grafu kwa nadharia ya kategoria. Nadharia hiyo, iliyoasisiwa na Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane katika makala ya mwaka wa 1945, huchunguza vitu kupitia mishale inayoviunganisha. Kwa njia hii, kanuni huwa na sehemu tatu: kinachotafutwa, kinachohifadhiwa na kinachopatikana. Kubadilisha mchoro huwa ni kubandua vipande na kubandika vingine.

Kutokana na msingi huo, ilithibitishwa kwamba kanuni mbili zinazokutana tu katika sehemu ambazo zote mbili zinahifadhi ni huru. Yoyote yaweza kutangulia, au zote zitumike kwa mpigo, na matokeo yatakuwa yale yale. Mwaka wa 2004, Stephen Lack na Paweł Sobociński walionyesha kuwa hoja hizo hazihusu grafu pekee, bali miundo mingine mingi inayobandikwa kwa namna hiyo.

Faida yake ni kubwa kwa wanaokagua programu. Kazi 10 zaweza kupangwa kwa taratibu 3,628,800. Ikithibitika kuwa zote ni huru, kukagua utaratibu mmoja kwatosha kujua matokeo.