Wachoraji wa Tingatinga na Chama Chao

Baada ya hesabu za mwaka ni desturi yetu kuweka ukurasa wa habari za kale. Safari hii tumechagua habari za jirani zetu wa Dar es Salaam, wale wachoraji wa picha za Tingatinga, kwa kuwa chama chao kilianza kama vyama vyetu vingi vilivyoanza: watu wa asili moja walikutana mjini, hawana mtaji, kisha msiba ukawafika.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanganyika. (Jina lake huwachekesha wengi, maana trekta nalo huitwa tingatinga, lakini hilo ni jina lake hasa.) Kama vijana wengi wa kusini wa zama zile, alikwenda kwanza Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, ndipo akaingia Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza. Baadaye aliajiriwa hospitalini Muhimbili. Hakupata kusomea uchoraji popote.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Vifaa vyake vilikuwa vile alivyoviweza: vipande vya hadibodi vya mraba, kila upande kiasi cha futi mbili, na rangi zing'aazo za kupakia baiskeli. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja, akangoja ukauke, kisha akamweka mnyama katikati: chui, tembo, au ndege mwenye shingo ndefu, amejaa madoadoa na mistari. Picha zake alizitandaza chini ya mbuyu karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali ambapo Wazungu wa mtaa ule walikuja kununua vyakula. Wakanunua na picha.

Fedha zilipoanza kuonekana hakuifungia kazi ndani. Aliwaita jamaa na watu wa kwao akawafundisha: Kasper Tedo, Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah na Omari Amonde. Hapa ndipo ninapomwona kuwa mtu mkubwa kuliko katika picha zenyewe. Fundi mwenye soko dogo kama lile angeweza kuogopa kwamba mwanafunzi atamnyang'anya mnunuzi, na hofu hiyo isingekuwa ya bure.

Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakiwasaka wahalifu usiku walidhani gari alimokuwamo ni la hao wahalifu, wakapiga risasi, naye akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu.

Wanafunzi walibaki na kazi isiyo na mwenyewe. Mpata alihamia kwetu Kenya akaendelea kuchora huku. Waliobaki Dar es Salaam wangeweza kutawanyika, kila mmoja akarudia kibarua chake. Badala yake waliungana katika ushirika ulioitwa kwa jina la marehemu, wakakaa pale pale Morogoro Stores. Mwaka 1990 ushirika huo uliandikishwa kuwa chama cha ushirika kamili, Tinga Tinga Arts Cooperative Society. Miaka kumi na minane ilikuwa imepita tangu mazishi, na wazee wetu waliopata kuandikisha chama chochote hawatashangaa.

Namna ya kufundisha haikubadilika sana. Kijana aliletwa na mjomba au ndugu, akaanza kwa kupaka rangi ya nyuma na kujaza madoadoa katika picha za wakubwa, hata mkono ulipotulia akapewa ubao wake. Mchoro uliopendwa na wanunuzi ulichorwa na kila mtu. Wako wataalamu wanaowalaumu kwa jambo hili, wakisema kunakili si sanaa. Mimi siwafuati. Anayefinyanga mtungi haombi ruhusa kwa aliyefinyanga wa kwanza, na ule uhuru wa kuigana ndio uliowalisha wengi. Lakini madhara yalikuwapo, nayo yalikuwa ya bei: picha kumi zinazofanana zikisimama mlangoni, mgeni huchagua ya rahisi kuliko zote, na mfinyanzi akala gaeni.

Madhara mabaya zaidi yalihusu sahihi. Kwa kuwa picha za Edward mwenyewe ni chache, na wakusanyaji wa nje walizitafuta kwa bei kubwa, walitokea watu wa kuandika jina lake chini ya kazi ambazo hakuzigusa. Wanachama walitia sahihi majina yao wenyewe. Jina la mwalimu walilitumia kwa mtindo wote na kwa chama. Tofauti hiyo ilieleweka vema karakanani, ila mnunuzi aliye mbali hakuijua.

Mbao nazo zikapungua. Watalii walitaka kitu cha kukunja na kutia sandukuni, hivyo wachoraji wengi wakahamia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Mtindo wenyewe ukavuka mpaka: mwaka 2010 zilianza kuonyeshwa Uingereza hadithi za wanyama za watoto ziitwazo Tinga Tinga Tales, ambazo picha zake zilitengenezwa hapa Nairobi na vijana wa Kenya, wengi wao wakiwa hawajazaliwa wakati Edward alipouza ubao wake wa kwanza chini ya mbuyu.