Kwa zamu, kwa pamoja au sambamba? Istilahi tatu za mwenye betri nyingi za droni

"Chaja ya betri tatu" ni jina lenye mtego. Nafasi tatu zipo kweli, na betri tatu zinaingia. Lakini nyingi kati ya chaja hizi, zikiwemo zile zinazouzwa pamoja na droni ndogo za DJI, hujaza betri moja tu kwa wakati mmoja. Huanza na ile iliyobakiwa na chaji nyingi zaidi, ikijaa huhamia inayofuata, na ile iliyokauka husubiri mpaka mwisho. Mpiga picha za harusi anayezichomeka zote tatu saa tatu usiku, akitegemea kuzikuta tayari saa nne, atakuta moja imejaa, ya pili ndiyo kwanza inaanza, na ya tatu haijaguswa. Chaja haina ubovu. Imefanya kazi iliyoundiwa.

Wanaoandika maelezo ya vifaa hivi kwa Kiingereza hutenganisha njia tatu na kila moja ina jina lake. Kwetu, mafundi na warusha droni husema "inachaji zote" au "inachaji sambamba" kwa njia yoyote ile, na anayejaribu kuwa makini huongeza "kwa mfuatano". Maneno hayo yanatosha kwa porojo za kijiweni. Hayatoshi kwa mtu anayetaka kununua kifaa, kukadiria petroli ya jenereta, au kuepuka kuunguza meza.

Tuanze na hili la mfuatano, kwa sababu ndilo linalopotosha zaidi. Katika somo la umeme neno hilo, pamoja na nduguye "mfululizo", lina kazi yake tangu zamani: ni namna ya kuunga nyaya, chanya ya betri hii ikishikana na hasi ya ile, na volti zikijumlishwa. Mawe ya tochi hupangwa hivyo. Hata ndani ya betri moja ya droni seli zimepangwa hivyo: betri ya droni ya DJI Mavic 3 ina seli nne zilizoungwa kwa mfuatano, ndiyo maana ikijaa hufikia volti 17.6 badala ya 4.4 za seli moja. Sasa ukimwambia fundi "zichaji kwa mfuatano", ana haki kabisa ya kuchukua waya na kuziunga, wakati wewe ulimaanisha azijaze moja baada ya nyingine. Neno linaloweza kuzaa kitendo cha hatari namna hiyo lisitumike hapa.

Neno la njia hii tunalo, nalo ni zamu. Kuna mwalimu wa zamu, muuguzi wa zamu, zamu ya kuteka maji. Kila mtu anaelewa kwamba mmoja anahudumu wengine wakisubiri, na hakuna anayefikiria nyaya. Kwa hiyo chaja ile ya nafasi tatu huchaji kwa zamu, na ingefaa iitwe chaja ya zamu.

Je, zamu ni hasara? Inategemea umeme unautoa wapi. Chukua mteja wa kawaida wa TANESCO ambaye shilingi 10,000 humpa uniti 28 hivi za LUKU. Uniti moja kwake ni kama shilingi 357. Betri ya droni ndogo ya DJI Mini 3 hubeba nishati ya saa-wati 18.1. Ongeza kinachopotea kama joto kwenye chaja, useme 21. Betri tatu ni saa-wati 63, yaani shilingi 22 au 23. Tatu za Mavic 3, zenye saa-wati 77 kila moja, hazifikishi shilingi 100. Kwa bei hiyo kujadili gharama ya umeme wa nyumbani ni kupoteza muda. Kinachogharimu ni betri yenyewe. Tuseme umeinunua kwa shilingi 200,000 na itakufaa kwa chaji 200 kabla ya kuanza kuvimba au kushindwa kukaa angani: kila chaji imekula shilingi 1,000 za betri, kwa umeme wa shilingi saba au nane. Anayehangaika na LUKU huku akichaji betri ikiwa bado ya moto kutoka angani, anabana shilingi na kuchoma noti. Betri za DJI zenyewe hukataa kupokea chaji zikiwa juu ya nyuzi 40 za selisiasi, na jua la Shinyanga saa saba mchana haliwezi kuzipoza. Ziweke kivulini kwanza, nje ya gari lililofungwa vioo.

Basi kwa aliye nyumbani au hotelini, anayelala kwa muda wa saa saba, zamu haina kasoro. Hata adapta ndogo inatosha, na soketi inatumika moja tu.

Mambo hugeuka ukitoka nje ya gridi. Jenereta dogo la aina tulivu, lenye uwezo wa wati 900 hivi, hunywa kama theluthi moja ya lita ya petroli kwa saa hata likibebeshwa robo tu ya uwezo wake, na ukilipunguzia mzigo zaidi ya hapo unywaji haushuki sana. Betri moja ya Mavic 3 kwa adapta ya wati 65 huchukua saa moja na nusu na ushei. Tatu kwa zamu ni saa nne na nusu au zaidi, karibu lita moja na nusu ya petroli. Ukizichaji zote kwa wakati mmoja mzigo unafika wati 200 na kitu, ambazo jenereta lile linazibeba bila jasho kwa unywaji uleule wa saa, na kazi inaisha kwa nusu lita. Tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, ni 4,500 dhidi ya 1,500. Nishati iliyoingia kwenye betri ni ileile. Tofauti yote ni saa ambazo injini ilizunguka ikingoja zamu zipite.

Hapo ndipo istilahi ya pili inapohitajika: kuchaji kwa pamoja. Betri kadhaa hujazwa wakati mmoja, lakini kila moja ina njia yake ya umeme na msimamizi wake ndani ya chaja. Moja ikijaa njia yake hukatwa bila kuzigusa nyingine, na moja ikiwa mbovu taa yake peke yake huwaka nyekundu. Chaja za namna hii ni ghali zaidi kwa sababu kwa kweli ni chaja tatu au nne zilizofungiwa kwenye kasha moja. Anayetaka matokeo hayohayo kwa bei ndogo hununua adapta ya pili na ya tatu, akachomeka kila betri mahali pake. Jambo la kutazama ni wati zilizoandikwa kwenye adapta. Kifaa chenye milango minne na jumla ya wati 65 kikibebeshwa betri nne hugawa wati hizo, na mnunuzi atakuwa amepata upole wa zamu kwa bei ya pamoja. Jumlisha mahitaji ya betri zote kwanza, ndipo uulize bei.

Gari nalo ni chanzo, na wengi hulisahau mpaka safari inapoanza. Injini ikiwa inawaka, chaja ya gari ya wati 65 hujaza betri moja kati ya kijiji kimoja na kingine bila gharama utakayoiona. Injini ikiwa imezimwa, fanya hesabu: betri ya gari ya saa-ampea 45 ina takriban saa-wati 540, na betri tatu za Mavic 3 zitachota nusu yake. Asubuhi mtalisukuma. Masanduku makubwa ya kuhifadhi umeme huondoa tatizo hilo, ila sharti la mashirika ya ndege ni kwamba betri ya zaidi ya saa-wati 160 haipandi na abiria. Kwa hiyo anayekwenda kupiga picha Pemba au Mafia kwa ndege atautafuta umeme akifika.

Sasa tufike kwenye sambamba, neno zuri linalotumiwa vibaya kuliko yote. Kwa maana ya mtaani, sambamba ni bega kwa bega, na mtu akiona betri tatu zinawaka taa kwa wakati mmoja atasema zinachaji sambamba. Katika umeme maana ni finyu zaidi: chanya zote zimeshikana pamoja, hasi zote zimeshikana pamoja, na kuanzia hapo chaja haioni betri nne bali moja kubwa. Njia hii ni ya warusha droni za mashindano na za kujitengenezea, wanaotumia betri za polima ya lithiamu zisizo na ubongo ndani. Wanazo betri nyingi ndogo, kila moja humalizika kwa dakika tatu au nne, na hakuna mwenye subira ya kuzijaza kwa zamu. Hununua bodi yenye plagi sita za njano na safu ya matundu meupe ya nyaya za kusawazisha, wakazichomeka zote kwenye chaja moja.

Ni njia ya bei nafuu kuliko zote, maana bodi ni shaba na plastiki tu. Ni hatari kuliko zote pia, na hatari hiyo iko kabla hata chaja haijawashwa. Tuseme una betri mbili za seli nne, uwezo wa saa-miliampea 1,500 kila moja. Moja imejaa, volti 16.8. Nyingine imetoka angani, volti 14.8. Tofauti ni volti mbili, na unaweza kuziona chache. Ukizichomeka kwenye bodi moja, kinachozuia umeme kukimbia kutoka iliyojaa kwenda iliyopungua ni ukinzani wa ndani wa betri zenyewe, ambao kwa betri za mashindano ni mdogo mno, tuseme miliomu 20 kwa kila moja. Gawanya volti 2 kwa omu 0.04: ampea 50. Betri ambayo mtengenezaji anashauri ichajiwe kwa ampea 1.5 imepigwa na mkondo wa mara 33 ya huo, na chaja haina habari. Bodi nzuri zina fyuzi. Nyingine hazina.

Ndiyo maana wenye uzoefu hupima kila betri kabla ya kuichomeka, na hawakubali tofauti inayozidi volti 0.1 kwa seli. Idadi ya seli lazima ilingane: betri ya seli tatu haikai na ya seli nne hata kwa dakika moja. Mpangilio wa kuchomeka nao una sababu. Plagi nene huanza, zikatulia kidogo zisawazishane, kisha ndipo nyaya nyembamba za kusawazisha zifuate. Ukianza na nyembamba, ule mkondo wa kusawazishana utapita humo na kuziyeyusha. Mwisho chaja hupangiwa mkondo wa jumla, yaani betri nne za 1,500 kwa ampea 6, si 1.5. Na mtu habanduki chumbani, kwa sababu katika sambamba chaja haiwezi kukwambia ni ipi kati ya nne imeanza kuharibika.

Mtu aliyeambiwa kwamba chaja yake ya dukani "inachaji sambamba", kisha akasikia kwamba sambamba ni hatari, ataogopa kifaa salama. Aliyezoea chaja ya pamoja, ambayo hupokea betri iliyojaa nusu na iliyokauka bila shida, akipewa bodi ya sambamba atazichomeka vivyo hivyo. Huyu wa pili ndiye wa kuhofiwa. Neno "sambamba" libaki na maana yake ya somo la umeme, na lisipewe kazi ya "kwa pamoja".

Swali la ununue nini, betri zaidi au chaja zaidi, hujibiwa kwa kugawanya. Droni ikikaa angani dakika 25 na betri ikihitaji dakika 60 kujaa, 60 kwa 25 ni 2.4. Maana yake unahitaji njia tatu za kuchaji zinazofanya kazi kwa pamoja ili droni isikae chini, na betri nne angalau, moja ikiwa juu. Kwa chaja ya zamu, hata ukinunua betri kumi utachelewesha tu ile saa ya kukwama. Kuna nafuu moja ndogo: sehemu ya mwisho ya chaji huenda polepole kuliko mwanzo, kwa hiyo aliye kazini anaweza kuichomoa betri ikifika asilimia 90 na kuiachia nafasi nyingine. Baadhi ya chaja, kama ile ya droni ya DJI Air 3, zina pia uwezo wa kukusanya: huhamisha mabaki ya betri mbili kwenye moja ili upate mruko mmoja kamili pasipo na umeme kabisa. "Kukusanya chaji" inatosha kwa jina, tusitafute lingine.

Kwenye kazi kubwa hesabu hiyo ya betri na chaja hugeuka kuwa mpango wa kituo kizima. Zipline, inayosafirisha damu kwa droni nchini Rwanda tangu 2016, haingoji droni ichaji. Ikitua betri hutolewa na kuwekwa kwenye chaji, na iliyojaa hupachikwa kwa safari inayofuata. Droni za kunyunyizia dawa mashambani zimekwenda upande mwingine, wa nguvu tupu. Betri ya droni moja ya aina hiyo, Agras T40, ina zaidi ya saa-wati 1,500 na hujazwa kwa dakika 9 hadi 12, jambo linalotaka kilowati tisa hivi, wakati soketi ya ukutani ya ampea 13 haizidi kilowati tatu. Kwa hiyo jenereta husimama pembezoni mwa shamba, na betri mbili au tatu hupishana siku nzima.

Wauzaji, andikeni kwenye boksi kama chaja ni ya zamu, ya pamoja au ya sambamba. Nawe mnunuzi, kabla ya kutoa hela, uliza hivi: zikiingia zote tatu, taa ngapi zitawaka kwa wakati mmoja, na adapta ni ya wati ngapi? Muuzaji asiyeweza kujibu hajui anachouza.