Kiwango cha Kufuka Moshi

Jikoni tumezoea kusema mafuta "yamechemka" pindi karai linapoanza kutoa moshi. Hayajachemka. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100 za Selsiasi, na hata yakiwa mvuke hubaki kuwa maji. Mafuta ya kupikia huanza kuvunjikavunjika kabla hayajafikia mchemko wake. Joto ambalo mafuta yakilifikia huanza kutoa moshi mfululizo huitwa kiwango cha kufuka moshi, istilahi iliyoundwa kwa mfano wa kiwango cha kuchemka na kiwango cha kuyeyuka.

Wapo wanaouita moshi huo "mvuke wa mafuta". Jina hilo linapotosha, kwani mvuke twaujua kwa wema: mtu mwenye mafua hujifunika shuka akajifukiza. Kinachopanda karaini ni kingine. Joto kali hutenganisha asidi za mafuta na gliseroli; gliseroli nayo ikipotewa na maji huwa akrolini, jina lenye asili ya Kilatini, acer (kali) na oleum (mafuta). Akrolini ndiyo inayowasha macho, kukereketa koo na kumbana kifua mwenye pumu. Pamoja nayo huruka chembechembe laini zinazopenya hadi ndani ya mapafu.

Mwaka 2010, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha tathmini iliyouweka moshi wa kukaanga kwa joto kali katika kundi 2A, la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Tafiti nyingi zilizozingatiwa zilihusu wanawake wa Kichina wasiovuta sigara.

Kiwango cha kufuka moshi hutofautiana kwa aina ya mafuta. Mafuta ya nazi yasiyosafishwa hufuka kwenye nyuzijoto 175 hivi. Ya alizeti yaliyosafishwa huvuka 220. Tena kiwango hicho hushuka kila mafuta yanaporudiwa, kwa hiyo mkaanga chipsi anayetumia mafuta yaleyale kutwa nzima ndiye aliye hatarini zaidi, pamoja na mtoto aliyebebwa mgongoni jikoni.

Basi moshi usichukuliwe kuwa ishara ya mafuta kuwa tayari. Ni ishara kwamba yamepitiliza. Tia kipande cha kitunguu: kikizungukwa na mapovu, anza kukaanga. Moshi ukitangulia, punguza moto, fungua dirisha, mtoe mtoto nje. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi na mazito yasirudishwe karaini.