Kisomo cha Jioni na Habari za Maisha

Kujua kuandika ni jambo moja, na kujua kuandika habari za maisha yako mwenyewe ni jambo jingine. La kwanza mtu hulipata kwa mwalimu, ubao na chaki. La pili hudai, zaidi ya hayo, swali. Ni shida mtu kuketi akaandika maisha yake pasipo kuulizwa, ama na mgeni, ama na mwalimu, ama na nafsi yake. Historia ya tawasifu katika Kiswahili, tukiitazama vema, ni historia ya waulizaji. Na aghalabu aliyeuliza ndiye aliyeweka mipaka ya jibu.

Na tuanze Unguja. Katika mwaka 1871 Misheni ya Vyuo Vikuu ilinunua shamba Mbweni, kusini ya mji, ili kuwapa makao watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Karibu na hapo, mahali paitwapo Kiungani, palikuwa na shule ya wavulana. A. C. Madan, ambaye wanafunzi wa lugha humkumbuka zaidi kwa kamusi zake, alikusanya habari ambazo wavulana wale walizitoa kwa Kiswahili: nchi walizozaliwa, jinsi walivyotekwa, na njia walizopita mpaka pwani. Alizifasiri kwa Kiingereza, na katika mwaka 1887 zikachapishwa London katika kitabu kiitwacho Kiungani. Basi darasa letu la zamani la tawasifu lilikuwa la watoto, tena watoto waliojifunza ugenini lugha ya kusimulia jinsi walivyopotewa na kwao. Walakini Misheni ilikuwa na wasomaji wake Uingereza, na wasomaji hao walitaka kusikia ubaya wa biashara ya watumwa. Mtoto aliulizwa ametokaje kwao akafika hapa. Swali hilo lilikuwa la haki, lakini halikuwa maswali yote.

Miaka kumi na mitano hivi baadaye, katika kisiwa hicho hicho, aliulizwa mtu wa upande wa pili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alisihiwa na Mjerumani Heinrich Brode aandike maisha yake. Aliyaandika kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Brode akayatia katika hati za Kirumi, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mzee huyu anaanza na umri wa miaka kumi na miwili, alipotoka kwenda kufanya biashara ya sandarusi, na tangu hapo kalamu yake haiachi safari, vita, pembe na madeni. Frasila zinahesabiwa kwa uangalifu; watu waliozichukua begani hawahesabiwi hivyo. Ukisoma kitabu hiki na kile cha Kiungani pamoja, utaona biashara moja ikisemwa na vinywa viwili, na kila kinywa kimefunguliwa na mgeni.

Martin Kayamba naye, aliyezaliwa Mbweni hiyo ya Unguja mwaka 1891, habari zake zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1936 katika kitabu kilichohaririwa na Margery Perham. Mgeni tena ndiye aliyefungua mlango.

Kwa Shaaban Robert twaona mabadiliko. Maisha Yangu, kilichochapishwa mwaka 1949, ni kitabu cha karani wa serikali, mwenye mshahara mdogo na mzigo wa nyumba. Anaeleza ndoa yake na kufiwa na mkewe Amina, na ndani ya kitabu anaweka tenzi mbili za mawaidha kwa watoto wake: ya Hati kwa binti, ya Adili kwa mwana. Hapa muulizaji amehamia ndani ya nyumba. Baba anajiuliza atawaachia wanawe nini, naye ajibu kwa kalamu. Lugha haikupewa herufi mpya, wala mwandishi hakupewa cheo kikubwa. Kilichobadilika ni swali.

Ndipo ilipokuja kazi kubwa ya taifa. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika ikafuata. Kufika mwaka 1975 walikuwa wameandikishwa watu zaidi ya milioni 5, na waliokuwa hawajui kusoma walishuka kutoka asilimia 67 hivi mwaka 1967 hadi 39. Alasiri na jioni, baada ya shamba na jiko, watu wazima walikaa katika madarasa, chini ya miembe na penginepo. Kisomo kilikuwa chenye manufaa, yaani vitabu vilifundisha pamba, migomba, uvuvi na malezi. Hatuwezi kuidharau kazi ile. Hata hivyo maswali ya kitabu yalikuwa ya kazi na afya: mbegu hupandwaje, maji huchemshwaje. Mama aliyepata cheti aliweza kuandika barua na kutia sahihi. Hakuulizwa maisha yake.

Mbweni ya Dar es Salaam, pwani ya kaskazini ya Kinondoni, ilikuwa kijiji, nayo leo ni kitongoji cha jiji. Aliyekuwa na miaka thelathini wakati wa kisomo kile sasa amefika themanini. Jirani yake nyuma ya ukuta mpya hajui kisima kilikuwa wapi, wala nani alizikwa chini ya nyumba ipi. Mwalimu atakayefungua darasa la jioni hapo asianze kwa kusema, Andika maisha yako. Amri hiyo ni pana mno. Na aulize kitu kimoja kwa jioni moja: samaki waliuzwa wapi, mkeka wa arusi alisuka nani, shamba lilipimwa lini na nani alisimama penye mpaka. Wala asiisahihishe lugha ya mzee mpaka ifanane na ya kitabu cha shule. Kisha, jioni za mwisho, anyamaze, awaache wanafunzi waulizane na kujiuliza. Hapo ndipo atakapojua kama amefundisha tawasifu, au amekusanya majibu yake mwenyewe kwa mkono wa mtu mwingine.