Saidia Fundi: Kumbukumbu ya Neno na Ukuta

Mwaka juzi nilikuwa nikiitengeneza nyumba ya marehemu bibi yangu huko Pangani. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya zamani kuliko mtu yeyote aliye hai katika ukoo wetu, na ukuta wake unaoelekea mtoni ulikuwa na ufa ulioshuka kutoka dirishani hadi kwenye msingi. Nilimpata fundi mzee, mwenyeji wa hapo hapo, aliyerithi kazi kwa baba yake. Akaniagiza chokaa, akachimba shimo uani, akaitia humo, akaimwagia maji na kuifunika kwa magunia. Akasema tuiache ilale. Siku ya kumi nikamuuliza italala mpaka lini. Akanijibu, "Mpaka iamke, Mwalimu."

Sikungoja iamke. Siku moja alikwenda mazishini Mkwaja, nami nikanunua mfuko wa saruji, nikaazima mwiko kwa jirani, nikauziba ule ufa kwa mikono yangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nilijiambia, na nikajiona nimemwondolea mzee kazi ya siku nzima. Aliporudi nilimwamkia, akaitikia, kisha akauwekea ukuta kiganja kama mtu anayempima mtoto homa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, saidia fundi nimekwisha kumwajiri. Huyu wa pili kaletwa na nani?"

Msomaji atanisamehe: nilifedheheka, lakini sikio langu la ualimu lilibaki kwenye lile neno. *Saidia fundi*. Kila mtu wa Tanga analijua. Ni yule kijana anayechanganya zege, anayejaza karai, anayepandisha matofali kwenye jukwaa. Kwa umbo, neno hili ni ndugu wa zimamoto, chemshabongo na vunjajungu: kitenzi kimeshikamana na mtendwa wake, na viwili hivyo vimekuwa jina. Lakini zimamoto ni sifa, na saidia fundi ni amri. Mtu anaitwa kwa agizo analopewa tangu asubuhi hadi jioni.

Tumeanza lini kuwa na cheo cha mtu anayelipwa kwa kusaidia? Swali hilo lilinirudisha kwenye kitabu cha zamani.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Zanzibar, alichapisha mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama ilivyosemwa kisiwani humo, na nyuma yake akaweka orodha ndefu ya maneno. Maneno matatu ya humo yanatuhusu. La kwanza ni *fundi*, ambalo analieleza kuwa ni mtu mwenye ujuzi wa kazi, na pia mwalimu wa kazi yoyote ya mikono. Maelezo hayo ya pili sisi tumeyasahau, ingawa neno lenyewe linayapigia kelele: fundi, funda, fundisha, mafunzo, mwanafunzi, vyote ni vya shina moja. Kungwi humfunda mwali; fundi alimfunda kijana wake kazi, na kijana alikaa naye kama mwanafunzi akaavyo chuoni. Hata washairi tunawaita mafundi kwa maana hiyo hiyo, wala si kwa kuwa wanagongagonga.

La pili ni *kilemba*. Zaidi ya kitambaa cha kichwani, Steere anakitaja kuwa zawadi ya desturi anayopewa fundi kazi inapokamilika. Zawadi hiyo haikuwa ujira. Ujira ulikuwa na hesabu yake. Kilemba kilitangaza mbele za watu kwamba kazi imekwisha na mwenye nyumba ameridhika. Aliyempa fundi kilemba alikuwa amekiri kwamba mkono uliojenga haukuwa wake.

La tatu ni *kibarua*. Ni barua ndogo tu, kikaratasi. Steere anaeleza kwamba watu waliokodishwa kwa kutwa waliitwa vibarua kwa sababu walipewa karatasi, nao wakairudisha walipolipwa. Mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake. Baadaye, Wajerumani walipoanza reli ya Usambara hapa Tanga mwaka 1893, na mashamba ya mkonge yalipoenea bara ya Tanga na Pangani, karatasi hiyo ilikua ikawa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Wazee wengi wa mkoa huu walizihesabu siku zao kwa kadi hiyo.

Kabla ya hapo, na kwa nyumba za kawaida hata baada ya hapo, msaada haukuwa na cheo. Nyumba ya Mrima ilikuwa ya miti na udongo. Kulikuwa na kazi za fundi: kusimamisha nguzo, kupanga mwamba na makombamoyo, kupaua. Na kulikuwa na kazi ya watu wote, nayo ni kukandika. Siku ya kukandika wanawake waliteka maji, vijana waliukanyaga udongo kwa miguu, majirani wakaukandika ukutani kwa viganja, na mwenye nyumba alipika. Watu wa milimani nyuma yetu, Usambara hadi Upare, wana neno zuri la kazi ya pamoja, *msaragambo*, ambalo Kiswahili cha mkoa wa Tanga kimelipokea bila kubisha. Mwenye nyumba alijua mahali pa mikono yake. Hakupanda juu kumwelekeza fundi namna ya kufunga kombamoyo, na fundi hakumkataza kushika udongo. Mpaka ulikuwa ndani ya vitenzi vyenyewe: ni nadra kumsikia mtu akisema amepaua pamoja na majirani, wala hatusemi tumemwajiri bingwa wa kukandika.

Nyumba ya mawe ilikuwa na mpaka mkali zaidi. Ukienda Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, utauona msikiti ulioanguka na makaburi yapatayo 40, mengine yakiwa na nguzo, yote ya matumbawe na chokaa. Chokaa ile ilichomwa kutokana na mawe ya baharini, ikazimwa kwa maji, ikalazwa. Ukuta ulijengwa, kisha ukatomewa kwa vijiwe vidogo, kisha ukapigwa lipu. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, basi hata tajiri aliyetaka ukumbi mpana alilazimika kulisikiliza boriti. Hapa majirani walikuwa na machache ya kushika.

Huyo huyo Steere, aliyetuandikia maana ya fundi, alikuja kuwa mwenye nyumba. Mwaka 1873 soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na mwishoni mwa mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu mahali pale pale. Steere, aliyekuwa askofu mwaka uliofuata, aliisimamia kazi hiyo mwenyewe. Aliazimia paa la kuba refu la matumbawe na saruji, na wapo waliotabiri kwamba litawaangukia. Limesimama mpaka leo. Lakini mgeni anayeingia humo haonyeshwi kuba kwanza. Anaonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu, na kusimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini na mafundi hawakujua upande. Watu hucheka. Nilicheka nami, nilipokwenda na wanafunzi wangu.

Sasa sicheki sana. Kisa hicho kimesimuliwa kwa upande wa mwenye nyumba. Mafundi wale walipandisha kuba lililodhaniwa litaanguka, na majina yao hayamo katika masimulizi ya wanaotuongoza mle ndani. Kilichobaki kwao ni kosa la nguzo. Mimi niliyeharibu ukuta wa bibi yangu kwa mfuko mmoja wa saruji, nani atanisimulia?

Maana ukuta uliharibika. Mzee alikuwa amenieleza siku ile, kwa subira ambayo sikuistahili, kwamba ukuta wa chokaa hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa kwa pumzi wakati wa jua, na kwamba saruji ngumu huuziba mdomo. Maji yakishaingia kwa nyuma hayana pa kutokea. Nilimsikiliza kama tunavyowasikiliza mafundi, yaani nikingoja amalize. Masika yalipokuja, saruji yangu ilibanduka na kuanguka pamoja na lipu ya zamani iliyoshikamana nayo, kipande cha ukubwa wa jamvi. Lipu ile iliyopigwa na watu nisiowajua ilikuwa imedumu vizazi. Ufa peke yake haukuwa umeibandua.

Fundi alirudi bila kusema neno juu ya hilo. Chokaa ilikuwa imeamka, laini kama siagi. Nilimuuliza, safari hii kwa adabu, kama ipo kazi yoyote ninayoweza kushika. Alifikiri kidogo. Akasema lipu mpya inataka kulowanishwa asubuhi na jioni, isikauke kwa pupa, na ndoo iko pale.

Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Asubuhi ya pili nilikwisha kuteka ndoo nne wakati yule kijana, saidia fundi, alipofika. Alisimama akanitazama, kisha akamgeukia mzee. "Mwalimu akibeba maji," aliuliza, "mimi leo nitalipwa cha nini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani msaada wangu ulikuwa kati yangu na fundi tu, nikasahau kwamba mahali nilipopatamani palikuwa pamekwisha kuwa riziki ya mtu. Mzee hakutuangalia sote wawili. Alikuwa akiupitisha mwiko ukutani. Akaamua kwamba maji ya asubuhi ni ya kijana na atalipwa kutwa yake kamili. Ya jioni, kijana akishaondoka, yatakuwa yangu.

Nikairudisha ndoo mahali pake, nikaenda kukaa barazani mpaka alasiri.